Guglielmo Marconi na Simu ya Upepo

1. Habari katika siku za zamani

Zamani habari ilitembea kwa miguu ya mtu. Mtu akifa Rutshuru, na ndugu zake wakikaa ng'ambo ya Ziwa Kivu, mjumbe alishika fimbo yake akaenda. Alipofika, marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa. Katika misitu ya Kongo watu walipiga ngoma ya mti, na kijiji kimoja kilisikia kikakiarifu kijiji cha pili. Lakini sauti ya ngoma haipiti milima mirefu, wala haivuki bahari.

Katika karne ya 19 watu walivumbua simu ya waya. Habari ilipita ndani ya waya kwa nguvu ya umeme, ikafika mbali kwa dakika chache. Hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini pasipo waya hapakuwa na habari. Meli ikitoka bandarini ilikuwa kama mtu aliyeingia gizani. Ikishika moto, au ikizama, hapana aliyejua. Watu wa nyumbani walingoja mwezi, wakangoja wa pili, kisha wakaanza kulia.

Mtu aliyeiondoa meli katika giza hilo aliitwa Guglielmo Marconi. Katika somo hili tutasoma maisha yake na kazi yake, na jinsi kazi hiyo ilivyofika mpaka kwetu Goma.

2. Kijana asiyekwenda chuo kikuu

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Irelandi. Kijana Guglielmo hakung'aa shuleni, wala hakupata kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini alipenda sana habari za umeme, na jambo alilolipenda hakuliacha.

Mwaka 1894, alipokuwa na miaka 20, alisoma habari za mtaalamu mmoja Mjerumani aliyefariki mwanzo wa mwaka huo, jina lake Heinrich Hertz. Hertz alikuwa ameonyesha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana. Tupa jiwe katika Ziwa Kivu, nawe utaona mawimbi yakienea pande zote mpaka ufukoni. Vivyo hivyo mawimbi ya umeme huenea pande zote, lakini jicho haliyaoni, wala mkono hauyashiki, nayo huenda kwa mbio kama nuru.

Marconi akawaza moyoni mwake: Ikiwa mawimbi haya hupita hewani bila waya, je, hayawezi kuchukua habari? Akastaajabu kwamba wakubwa wa elimu hawajafanya kazi hiyo.

Tujue pia kwamba hakuanza na mikono mitupu. Mskoti Maxwell alikuwa amekwisha kuyafahamu mawimbi hayo kwa hesabu, kabla Hertz hajayaonyesha kwa macho. Mfaransa Édouard Branly, mwalimu katika chuo kikuu cha Wakatoliki mjini Paris, alikuwa ametengeneza kichupa chenye unga wa chuma kilichoweza kuyatambua. Hata padri mmoja wa Brazili, Roberto Landell de Moura, alifanya majaribio ya namna hiyo katika nchi yake, akapewa hati za uvumbuzi. Kazi kubwa ni kama nyumba: mmoja huchimba msingi, wa pili huleta mawe, wa tatu huezeka.

3. Kengele usiku

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa Pontecchio, karibu na Bologna. Juu darini palikuwa na chumba kilichotumiwa zamani kufugia viwavi wa hariri. Marconi akajifungia humo na nyaya zake na betri zake. Mara nyingi alisahau kula. Baba yake aliona kijana anapoteza wakati na mali, lakini mama yake alimtia moyo.

Usiku mmoja alikwenda kumwamsha mama yake, akamleta darini. Akabonyeza kitu kidogo upande huu wa chumba, na kengele ikalia upande wa pili. Katikati hapakuwa na waya wala kamba.

Mwaka 1895 alitoka nje. Aliona kwamba akiuinua waya mmoja juu hewani, na mwingine akiuzika ardhini, mawimbi huenda mbali zaidi. Basi akawapeleka kaka yake Alfonso na wasaidizi wakiwa na chombo cha kupokea, wavuke kilima kilichokuwa mbele ya nyumba. Kutoka kule hawakuweza kuonekana. Kwa hiyo wakapatana kwamba habari ikifika, wapige bunduki. Marconi akabonyeza chombo chake. Mara mlio wa bunduki ukasikika nyuma ya kilima. Habari ilikuwa imevuka!

4. Safari ya Uingereza

Mwezi wa Februari 1896 Marconi alikwenda London pamoja na mama yake, maana Uingereza ilikuwa nchi ya meli nyingi. Pale alimpata mkubwa mmoja wa posta, William Preece, aliyemsaidia kuonyesha kazi yake mbele ya watu. Mwezi wa Juni mwaka huo aliomba hati ya uvumbuzi wake.

Mwezi wa Mei 1897 alipeleka habari juu ya maji kutoka kisiwa kidogo kiitwacho Flat Holm mpaka pwani ya Wales. Mwaka 1899 habari ilivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mojawapo ya habari za kwanza kuvuka ilikuwa salamu na shukrani kwa Branly, yule mwenye kichupa cha unga wa chuma. Marconi hakumsahau aliyemtangulia.

5. Nukta tatu

Baada ya hayo Marconi alitaka kuivuka Bahari ya Atlantiki, toka Uingereza mpaka Amerika ya Kaskazini. Wataalamu wengi walikataa. Walisema kwamba dunia ni mviringo na mawimbi huenda moja kwa moja kama nuru ya taa. Yatapotea mbinguni, wala hayatafika ng'ambo.

Marconi hakushindana nao kwa maneno. Alijenga milingoti mirefu huko Poldhu, Uingereza, na mingine Marekani. Mwezi wa Septemba 1901 dhoruba iliangusha milingoti ya Poldhu, na mwezi wa Novemba milingoti ya Marekani nayo ikaanguka. Mtu mwingine angeliacha. Yeye alijenga upya Poldhu milingoti midogo zaidi, kisha akapanda meli pamoja na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget, wakaenda kisiwa cha Newfoundland, ng'ambo ya bahari.

Kule ilikuwa baridi kali na upepo mwingi. Walirusha puto lenye kuinua waya, upepo ukalichukua baharini. Tarehe 12 Desemba 1901 wakarusha kishada, nacho kikapanda kikiyumba huku na huku. Marconi akaketi, kisikizi sikioni, akangoja. Kule Poldhu watu wake walikuwa wakipeleka alama moja tu, tena na tena: nukta tatu, ndiyo herufi S. Karibu saa sita na nusu mchana akasikia milio mitatu midogo. Akampa Kemp kisikizi, naye akasikia. Milio hiyo ilikuwa imevuka kilomita zaidi ya 3,000.

Watu wengi hawakusadiki. Mwezi wa Februari 1902 Marconi alisafiri kwa meli iitwayo Philadelphia, na chombo chake kikaandika habari kwenye ukanda wa karatasi mbele ya nahodha, meli ikiwa mbali sana na pwani. Baadaye wataalamu walifahamu sababu: juu sana hewani kuna tabaka linaloyarudisha mawimbi chini, kama ukuta urudishavyo mpira. Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun.

6. Usiku wa meli Titanic

Sasa meli nyingi zilichukua chombo cha Marconi na watu wa kukitumia. Mwaka 1909 meli Republic iligongwa na meli nyingine katika ukungu. Jack Binns, fundi wake wa simu ya upepo, aliita msaada kwa saa nyingi gizani, na karibu watu wote wakaokoka.

Lakini usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli mpya Titanic, yenye watu zaidi ya 2,200, iligonga mlima wa barafu. Mafundi wake wawili, Jack Phillips na Harold Bride, wakaanza kuita. Meli Californian ilikuwa karibu. Fundi wake alikuwa peke yake kazini tangu asubuhi. Alikuwa amezima chombo na kwenda kulala, kwa sababu katika siku zile sheria haikumlazimisha mtu kukesha. Mawimbi yalifika katika meli yake, lakini hapana sikio lililoyapokea.

Meli Carpathia ilikuwa mbali zaidi, karibu kilomita 100. Fundi wake, Harold Cottam, naye alikuwa anataka kulala. Alikuwa anavua nguo, lakini kisikizi kilikuwa bado sikioni. Akasikia. Akakimbia kumwamsha nahodha, na meli ikageuka ikaenda mbio katikati ya barafu. Ilipofika, Titanic ilikuwa imekwisha kuzama. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Lakini watu karibu 700 waliokuwa katika mashua walipona, kwa sababu mtu mmoja hakuvua kisikizi chake mapema. Phillips alikufa, Bride alipona.

Marconi alikuwa New York siku zile. Carpathia ilipofika na watu waliookoka, alikwenda bandarini kuwaona. Mwaka 1914 mataifa yalikutana London, yakapatana kwamba meli kubwa za abiria ziwe na watu wa kusikiliza usiku na mchana.

7. Sauti za watu

Mwanzoni simu ya upepo ilipeleka nukta na vistari tu. Wataalamu wengine, kama Fleming wa Uingereza na De Forest na Fessenden wa Marekani, walisaidia kupeleka sauti yenyewe. Tarehe 15 Juni 1920, katika kiwanda cha Marconi mjini Chelmsford, mwimbaji mashuhuri Nellie Melba aliimba mbele ya chombo, na watu wa nchi mbalimbali wakamsikia. Ndipo redio ilipoanza kuingia nyumbani mwa watu. London ilianza kutangaza kila siku mwaka 1922, na Nairobi ikaanza kutangaza mwaka 1928.

Marconi mwenyewe aliendelea na majaribio katika meli yake, jina lake Elettra. Mwaka 1912 alikuwa amepoteza jicho moja katika ajali ya motokaa, lakini hakuacha kazi.

Baba Mtakatifu Pio XI alimwomba ajenge kituo cha redio Vatikano. Tarehe 12 Februari 1931 kituo kilifunguliwa. Marconi alisema maneno machache, kisha Baba Mtakatifu akazungumza na dunia nzima kwa Kilatini. Tangu Mtume Petro, Papa hakuwahi kusikika kwa wakati mmoja katika mabara mengi.

Ni lazima tuseme pia lililo kinyume. Mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha Mussolini, akapewa vyeo na serikali yake. Chama hicho kiliingiza Italia katika vita na mateso, na watawala wa namna hiyo waliitumia redio kudanganya watu wao. Mtu anaweza kuwa mkubwa katika elimu na kukosea katika mambo mengine. Anayesoma maisha ya wakubwa na ayapime yote.

Marconi alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937. Siku iliyofuata vituo vya redio vya Uingereza vilinyamaza dakika mbili kwa heshima yake. Hewa ikawa kimya, kama ilivyokuwa kabla hajazaliwa. Kaburi lake liko Pontecchio, penye nyumba ya wazazi wake.

8. Redio inafika Kongo

Katika nchi yetu simu ya upepo ilifika mapema. Waya za simu ziliharibika mara kwa mara msituni, kwa miti iliyoanguka na kwa wanyama. Kwa hiyo kati ya mwaka 1911 na 1913, Mfalme Albert wa Ubelgiji akihimiza, Mbelgiji Robert Goldschmidt alisimamia ujenzi wa vituo toka Banana, penye bahari, vikapita Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi.

Mwaka uleule aliofariki Marconi, yaani 1937, mapadri Wayezuiti walianzisha Radio Léo katika shule yao mjini Leopoldville, ndiyo Kinshasa. Mwaka 1940 ikaja Radio Congo Belge. Wakati ule redio zilikuwa kubwa kama sanduku, zenye bei kubwa, na watu walikusanyika penye kipaza sauti kusikiliza. Baada ya mwaka 1954 zikaanza kuuzwa redio ndogo za transista, zinazotumia betri. Mkulima akaweza kuitundika redio mtini akilima. Mvuvi akaichukua katika mtumbwi. Mgonjwa akasikia Misa kitandani, na tangazo la kifo likafika kwa ndugu kabla ya maziko.

Lakini mawimbi hayachagui neno. Huchukua neno jema na neno baya kwa mbio ileile. Mwaka 1994 katika nchi ya jirani, Rwanda, kituo kiitwacho RTLM kilitangaza chuki, kikahimiza watu waue jirani zao. Watu wengi sana walikufa, na baadaye mahakama ya mataifa mjini Arusha iliwahukumu baadhi ya wakubwa wa kituo hicho. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, redio nyingine iitwayo Agatashya ilianza kusikika kutoka Bukavu, ikiwapa wakimbizi habari za kweli. Chombo kilikuwa cha namna moja. Mioyo ya wasemaji ilikuwa mbalimbali.

Watu wa Goma wanajua thamani ya habari inayofika kwa wakati. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia mjini, ukaunguza nyumba nyingi, hata kanisa kuu. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Februari, Radio Okapi ilianza kutangaza katika nchi yetu, kwa Kifaransa na kwa lugha nne za Kongo, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mlima ulipasuka tena tarehe 22 Mei 2021, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ardhi ikatetemeka siku nyingi. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana alitangaza kwa redio na televisheni kwamba watu wa mitaa 10 ya mji waondoke. Jirani akamwamsha jirani, mama akafunga mzigo akabeba mtoto, na makundi makubwa wakashika njia ya Sake, wengine mpaka wa Rwanda, wengine mashua za kwenda Bukavu.

Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alimweka Malaika Gabrieli kuwa msimamizi wa redio na simu. Alichagua vema. Gabrieli alileta habari ya kweli, wala hakuongeza lake. Naye Bikira Maria alikuwa macho, akasikia, akajibu. Redio nayo yahitaji watu wawili wa namna hiyo: msemaji asiyedanganya, na msikilizaji asiyelala.

Maana ya maneno

Simu ya upepo: simu isiyotumia waya, jina la zamani la redio ya kupeleka habari.
Dari: sehemu ya nyumba iliyo juu, chini ya paa.
Kishada: kitambaa au karatasi iliyofungwa kamba, hurushwa kwa upepo.
Kisikizi: chombo cha kuwekwa sikioni ili kusikia.
Kukesha: kukaa macho usiku.

Maswali

1. Meli ya zamani ilifananaje na mtu aliyeingia gizani?
2. Kwa nini Alfonso na wenzake walikuwa na bunduki nyuma ya kilima?
3. Wataalamu walisema nini juu ya kuivuka Bahari ya Atlantiki? Nini iliwajibu?
4. Californian ilikuwa karibu, na Carpathia mbali. Kwa nini ya mbali ndiyo iliyofika kuokoa?
5. Eleza kwa maneno yako jinsi redio inavyoweza kuokoa watu, na jinsi inavyoweza kuwaangamiza.
6. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: redio ya kwanza waliisikia wapi, nayo ilisema nini? Andika jibu lao kwa sentensi tano.